Titus Salt, mfuma sufu aliyenunua marobota yaliyokataliwa

Mwaka 1836, katika ghala moja la bandari ya Liverpool nchini Uingereza, yalikuwa yamerundikwa marobota yapatayo 300 ya manyoya ambayo hakuna mwenye kiwanda aliyeyataka. Yalitoka Peru, Amerika ya Kusini, na yalikuwa manyoya ya alpaka, mnyama wa jamii ya ngamia anayefugwa kwenye milima ya Andes. Yalikuwa marefu, yakiteleza mkononi, na yamejaa vumbi. Aliyeyaondoa ghalani ni mfanyabiashara kijana kutoka mji wa Bradford, mtu mkimya asiyependa mikutano wala hotuba. Alichukua kiasi kidogo kwanza, akaenda nacho nyumbani, akakiosha, akakichana, akakipima urefu na kujaribu kukisokota bila kumwambia mtu. Kisha akarudi Liverpool na kununua shehena yote kwa peni 8 kila ratili.

Kijana huyo aliitwa Titus Salt. Alipofariki miaka 40 baadaye, inakadiriwa watu 100,000 walijipanga barabarani kuiona jeneza lake likipita. Alikuwa amejenga kiwanda cha sufu kilichostaajabiwa na dunia, na kando yake mji mzima wa wafanyakazi wenye hewa safi, shule na hospitali. Alikuwa amewatoa watu wake kwenye moshi, uchafu na kipindupindu. Lakini kulikuwa na hatari nyingine ambayo haikukaa mitaani. Hiyo ilikuwa ndani ya marobota yenyewe, na ilimngoja mfanyakazi wa kwanza kabisa kuyafungua.

Salt alizaliwa Septemba 20, 1803 huko Morley, karibu na Leeds, katika jimbo la Yorkshire kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Daniel, alihangaika na kazi kadhaa, ikiwemo ukulima, kabla ya kuhamia Bradford na kufungua biashara ya kununua na kuuza sufu. Titus alitumwa kwanza Wakefield kujifunza kuijua sufu kwa jicho na kwa vidole. Baadaye akakaa miaka miwili katika kiwanda cha akina Rouse mjini Bradford, akipita idara moja baada ya nyingine. Mwaka 1824 aliingia katika biashara ya baba yake.

Miaka ile miwili kwa akina Rouse ndiyo iliyomfanya kuwa tofauti na wafanyabiashara wengi wa wakati wake, ambao walijua bei ya sufu lakini hawakuwahi kushika uzi wake. Ili kuelewa alichokiona Liverpool, ni lazima kwanza kuelewa alichojifunza huko.

Safari ya sufu

Manyoya ya kondoo mmoja si kitu kimoja. Ya mabegani ni laini, ya ubavuni ni ya wastani, na ya mapajani ni magumu kama nywele za mkia. Kwa hiyo kazi ya kwanza kiwandani ni kuchambua. Mchambuaji husimama kwenye meza karibu na dirisha, kwa sababu kazi hii inataka mwanga mzuri, hulitandaza vazi lote la kondoo jinsi lilivyotoka kwa mkata manyoya, na kulitenga kwa mikono, fungu hili huku na lile kule. Hakuna mashine iliyoweza kuchukua nafasi yake. Mchambuaji mzuri aliheshimiwa na kulipwa vizuri, maana akikosea yeye, kosa hilo litaonekana kwenye kitambaa miezi kadhaa baadaye, wakati hakuna tena la kufanya. Mezani pake ndipo pia panapodondoka vumbi lote, mavi makavu, miiba na mabaki ya damu kutoka malishoni.

Baada ya hapo sufu huoshwa. Sufu ghafi ina mafuta ya ngozi, jasho lililokauka na mchanga, na uchafu huo waweza kufikia nusu ya uzito wa vazi zima. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, taratibu, kwa sababu sufu ikichemshwa na kusuguliwa hujishika yenyewe na kuwa kama kipande cha blanketi kabla hata ya kufumwa. Maji ya mvua, ambayo hayana chumvi ya ardhini, ndiyo bora kwa kazi hii.

Hapo njia zinagawanyika. Kuna nguo za sufu fupi, ambazo nyuzi zake huvurugwa kila upande kisha kitambaa kikakandwa mpaka kikaza, na huko ndiko yanakotoka mablanketi na makoti mazito. Halafu kuna nguo za sufu ndefu, ambazo nyuzi zake hulazwa sambamba kama nywele zilizochanwa, zikatoa uzi mwembamba na imara na kitambaa laini kisicho na manyoya, kama kile cha suti. Leeds na vijiji vyake vilijulikana kwa aina ya kwanza. Bradford iliishi kwa ya pili.

Roho ya aina hii ya pili ni kuchana. Chanuo la chuma lenye meno marefu hupitishwa ndani ya sufu, nyuzi ndefu zikabaki zimenyooka na zile fupi zikatoka. Ndefu hukusanywa kuwa mkanda mmoja laini, na fupi huuzwa kwa watengenezaji wa mablanketi. Salt alipokuwa kijana, kazi hii ilifanywa kwa mkono na maelfu ya wanaume majumbani mwao. Chanuo lilipaswa kuwa la moto ili sufu ikubali kunyooka, kwa hiyo kila mchanaji alikuwa na jiko la mkaa likiwaka mchana kutwa, mara nyingi katika chumba kile kile alimolala mke wake na watoto. Yeyote aliyewahi kulala na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa anajua maana yake. Mwaka 1825 wachanaji na wafumaji wa Bradford waligoma kudai malipo bora. Mgomo ulidumu miezi mitano hivi na ukashindwa. Miaka 30 baadaye mashine za kuchana zilikuwa zimeifuta kabisa kazi yao, na Salt alikuwa miongoni mwa waliozitumia kwa wingi.

Mkanda uliochanwa haujawa uzi. Huunganishwa na mikanda mingine kadhaa, ukavutwa ukawa mrefu na mwembamba, ukaunganishwa tena na kuvutwa tena. Sababu ni rahisi: palipo pembamba katika mkanda mmoja hufunikwa na palipo panene katika mwingine, na baada ya kurudia mara nyingi unene unalingana. Mwishoni hufika kwenye mashine ya kusokota, ambako huvutwa mara ya mwisho na kupewa msokoto. Msokoto ndio nguvu ya uzi. Bila huo ungekatika kwa kuguswa tu.

Kufuma ndiyo hatua inayofahamika zaidi, kwani iwe mkeka au kikoi, kanuni ni ile ile. Nyuzi za mtande hutandazwa kwa urefu zikiwa zimekazwa, na uzi wa mshindio hupita juu na chini yake kutoka pembe hadi pembe. Mtande hubeba mzigo wote wa mvutano, hivyo unahitaji uzi wenye nguvu. Mshindio hauvutwi sana, na mara nyingi ndio unaoonekana zaidi juu ya kitambaa. Baada ya kufumwa, kitambaa huchunguzwa, mafundo yakaondolewa na penye tundu pakashonwa kwa mkono, kazi iliyokuwa ya wanawake wenye macho makali. Kisha huja rangi, moto wa kuunguza vinyweleo, mvuke na pasi.

Jambo la mtande na mshindio ndilo lililompatia Salt utajiri.

Kipawa cha kutoogopa takataka

Alpaka haikuwa mtaji wake wa kwanza wa ajabu. Kabla ya hapo baba yake alikuwa amenunua sufu kutoka bonde la mto Don nchini Urusi. Ilikuwa nzito, iliyosokotana na chafu, na wasokotaji wa Bradford waliikataa moja kwa moja, wakidai haichaniki. Titus aliwasihi bila mafanikio. Mwishowe akapanga kiwanda, akanunua mashine na kuisokota mwenyewe. Ikakubali. Hivyo ndivyo mwana wa mchuuzi wa sufu alivyogeuka kuwa mwenye kiwanda.

Kwa hiyo alipokutana na marobota ya Peru, hakuwa akibahatisha. Wala hakuwa mtu wa kwanza kuigusa alpaka Uingereza. Benjamin Outram, aliyekuwa na kiwanda karibu na Halifax, alikwisha kuisokota yapata mwaka 1830, lakini nguo zake zilikuwa ghali mno na biashara haikusimama. Ugumu ulikuwa katika tabia ya manyoya yenyewe. Yanateleza, hayashikani, na mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya kondoo wa Yorkshire ziliyatupa huku na huko. Ilimchukua Salt miezi ya majaribio kurekebisha mashine hadi zikatoa uzi ulio sawasawa.

Hatua iliyokuwa na maana zaidi ilikuja wakati Bradford ilipoanza kutumia mtande wa pamba. Salt alitandaza pamba, au hariri kwa nguo za bei ya juu, kisha akapitisha alpaka kama mshindio. Pamba ilibeba nguvu, na kwa kuwa ilikuwa nyembamba, ilijificha. Alpaka ikabaki juu, iking'aa kama hariri, kwa bei ambayo mke wa karani angeweza kuimudu. Wanawake wa tabaka la kati, waliokuwa wakitamani hariri bila kuwa na fedha zake, waliipokea kwa pupa. Mwaka 1844 Malkia Victoria alimpelekea manyoya ya alpaka wawili waliofugwa Windsor ili amfumie nguo. Hapakuwa na tangazo la biashara ambalo lingeweza kuishinda habari hiyo. Salt aliendelea pia na manyoya ya mbuzi wa Angora kutoka Uturuki, ambayo nayo yana mng'ao na urefu. Kufikia mwaka 1850 alikuwa na viwanda vitano vilivyotawanyika mjini Bradford, na alikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa wa mji huo.

Wakati huo alikuwa na familia kubwa pia. Mwaka 1830 alimwoa Caroline Whitlam kutoka Grimsby, na walijaliwa watoto 11, ingawa si wote waliofikia utu uzima.

Bradford yenyewe ilikuwa ikifa kwa mafanikio yake. Watu walimiminika kutoka vijijini na kutoka Ireland kutafuta kazi, wakarundikana kwenye vyumba vya chini ya ardhi visivyo na choo wala maji. Madohani ya viwanda yalitapika moshi mweusi usiku na mchana. Mfereji uliopita katikati ya mji ulipokea majitaka ya watu na ya viwanda pamoja, na mvuke wa viwanda ulitokana na maji hayo hayo. Salt alipochaguliwa kuwa meya mwaka 1848, alikuta mji ambao haukuwa na mfumo wa majitaka wa kuitwa mfumo. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliua watu wapatao 420.

Alijaribu kwanza kuurekebisha mji. Kulikuwa na kifaa cha kupunguza moshi, kilichovumbuliwa na mtu aliyeitwa Rodda, na Salt alikifunga kwenye madohani yake mwenyewe kwa gharama yake. Akawasihi wenye viwanda wenzake wafanye hivyo, na akataka baraza la mji lilazimishe. Wenzake walikataa. Kwao moshi ulikuwa dalili ya kazi, na kazi ilikuwa fedha. Ni vigumu kumlaumu mtu aliyeamua baada ya hapo kufunga virago. Lakini Salt hakuondoka peke yake. Alikuwa amepanga kustaafu akitimiza miaka 50 na kuishi mashambani kama bwana mkubwa. Badala yake alinunua ardhi kando ya mto Aire, maili chache kutoka Bradford, penye mto, mfereji wa usafirishaji na reli kwa pamoja, akaagiza kiwanda kimoja kikubwa cha kuchukua nafasi ya vyote vitano.

Saltaire

Kiwanda kilichorwa na wasanifu Lockwood na Mawson wa Bradford, na mitambo yake ikapangwa na mhandisi William Fairbairn. Kilikuwa na ghorofa sita, urefu wa futi 545 na dohani la futi 250. Ukubwa si jambo la maana sana, kwani matajiri wengi hujenga vikubwa. La maana ni kwamba jengo lilipangwa kufuata safari ya sufu. Chini ya paa moja manyoya yaliingia yakiwa ghafi, yakachambuliwa, yakaoshwa kwa maji ya mvua yaliyokusanywa kutoka mapaani na kuhifadhiwa kwenye tangi kubwa chini ya ardhi, yakachanwa, yakasokotwa na kufumwa, na kitambaa kikatoka upande wa pili kikiwa tayari kwa reli. Ukumbi wa kufuma ulipangiwa mitambo 1,200, yenye uwezo wa kutoa yadi 30,000 kwa siku, yaani takriban maili 17 za kitambaa kila siku ya kazi. Mihimili inayozungusha mashine, ambayo katika viwanda vingine ilining'inia juu ya vichwa vya watu na kuwanasa nywele na mikono, hapa ilipitishwa chini ya sakafu. Kelele zikapungua, na ajali pia.

Kilifunguliwa Septemba 20, 1853, siku Salt alipotimiza miaka 50. Wageni 3,500, wengi wao wafanyakazi waliosafirishwa kwa treni kutoka Bradford, walikula karamu ndani ya ukumbi wa kuchania sufu kabla mashine hazijafungwa. Nyama ya kondoo haikukosekana mezani.

Mji ukafuata. Uliitwa Saltaire, kwa kuunganisha jina lake na la mto. Zilijengwa nyumba zaidi ya 800 za mawe, kila moja ikiwa na maji, gesi na choo chake. Kwa mfanyakazi aliyetoka kwenye chumba cha chini ya ardhi mjini Bradford, hilo lilikuwa zaidi ya ndoto. Kukawa na kanisa, shule, hospitali, nyumba 45 za wazee wasiojiweza, jengo la kufulia na kuogea, ukumbi wenye maktaba, na bustani. Mitaa ilipewa majina ya mke wake na watoto wake: Caroline, Amelia, George, Titus, Helen, Ada. Wasanifu nao walipata mitaa yao.

Hakukuwa na baa hata moja. Salt aliamini kuwa pombe ndiyo iliyowamaliza maskini wa Bradford, na mfanyakazi aliyetaka bia ilimbidi atembee hadi nje ya mji. Hakupenda pia kuona nguo zimeanikwa mitaani. Mwajiri ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mwenye shule na mjenzi wa kanisa, na mtu aliyegombana naye kazini aligombana na mwenye paa lililomfunika. Watoto wadogo waliendelea kufanya kazi kiwandani nusu siku na kusoma nusu siku, kama sheria ya Uingereza ya wakati huo ilivyoruhusu tangu umri wa miaka minane. Shule yao ilikuwa nzuri kuliko nyingi. Lakini walifika darasani wakiwa wamekwisha kusimama saa kadhaa kati ya mashine.

Salt alikuwa mbunge wa Bradford kuanzia 1859 hadi 1861, na bungeni hakung'ara. Hakuwa mtu wa maneno, na aliondoka kabla muda wake haujaisha. Mwaka 1869 alipewa cheo cha baroneti, na kuanzia hapo akaitwa Sir Titus. Alifariki Desemba 29, 1876 nyumbani kwake Crow Nest, akiwa na miaka 73, akazikwa katika kaburi la familia lililounganishwa na kanisa la Saltaire. Familia iligundua kwamba sehemu kubwa ya utajiri wake haikuwepo tena. Alikuwa ameitoa, kwa mji wake, kwa makanisa, kwa hospitali na kwa watu walioomba.

Kilichokuwa ndani ya marobota

Mwaka ule ule wa 1876, huko Ujerumani, daktari wa wilaya aliyeitwa Robert Koch alichapisha uchunguzi wake juu ya kimeta. Alionyesha kwamba ugonjwa huo husababishwa na kijidudu kinachoweza kujigeuza kuwa mbegu ngumu, ikalala mahali pakavu miaka mingi na kuamka tena. Wafugaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana. Wanajua kwa nini maofisa mifugo hukataza kuchuna au kula ng'ombe aliyekufa ghafla, na kwa nini mzoga hufukiwa shimo refu.

Bradford haikuwa na mizoga. Ilikuwa na marobota. Tangu alpaka na manyoya ya mbuzi wa Uturuki yalipoanza kuingia mjini mwishoni mwa miaka ya 1830, wachambuaji walikuwa wakifa kwa namna isiyoeleweka. Mtu mzima mwenye afya aliondoka kazini akilalamika kifua kinabana na mwili unatetemeka, na baada ya siku mbili au tatu amekwisha kufa. Madaktari waliandika kichomi. Wafanyakazi wenyewe walikuwa na jina lao: ugonjwa wa wachambuaji wa sufu. Walijua pia mzigo upi unaua zaidi ya mwingine, na wengine waliogopa kufungua marobota ya aina fulani. Sufu ya kondoo wa Yorkshire haikuwadhuru hivyo. Ilikuwa yale manyoya marefu ya kigeni yenye mng'ao, yaliyoifanya Bradford kuwa Bradford na Salt kuwa Salt.

Daktari mmoja wa mji huo, John Henry Bell, hakukubali jibu la kichomi. Kufikia mwaka 1880 alikuwa ameonyesha kwamba damu ya mchambuaji aliyekufa ilibeba kijidudu cha kimeta na iliweza kuua wanyama. Mbegu za ugonjwa zilikuwa zikivutwa puani pamoja na vumbi la mezani. Mnyama aliyekufa kwa kimeta huko Peru au Uturuki alinyolewa kama wengine, manyoya yake yakachanganywa na mazima, na robota likasafiri baharini na kifo ndani yake. Kanuni za kwanza zilitungwa mjini Bradford katika miaka ya 1880: marobota ya hatari yaloweshwe kabla ya kufunguliwa, na vumbi lifyonzwe kwa feni kutoka chini ya meza. Zilisaidia, lakini hazikutosha.

Salt hakuishi kuyaona hayo. Maji safi, nyumba za mawe na dohani lisilotoa moshi mwingi havikuweza kumlinda mtu aliyesimama dirishani, katika mwanga mzuri, na kulitandaza vazi la mnyama mgonjwa mbele ya pua yake.

Kampuni yake haikudumu mikononi mwa wanawe. Mitindo ya mavazi ilibadilika, wanawake wakapenda vitambaa laini kutoka Ufaransa badala ya vile vya kung'aa, na mwaka 1892 kampuni ikafilisika na kuuzwa. Wamiliki wengine waliendelea kufuma humo hadi mwaka 1986, mashine ziliponyamaza. Mwaka uliofuata jengo lilinunuliwa na kugeuzwa kuwa mahali pa maonyesho ya sanaa, maduka na ofisi, na mwaka 2001 Saltaire iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zake bado zinakaliwa.

Kazi ya kuvizuia vifo vya wachambuaji ilimwangukia daktari mwingine wa Bradford, Frederick William Eurich, aliyeanza mwaka 1905 kuchunguza sampuli za sufu kwa maelfu, akijua kwamba kila moja ingeweza kumuua. Aligundua kwamba hatari kubwa ilikuwa kwenye vipande vya damu iliyoganda juu ya manyoya, na kwamba mbegu za kimeta hufa kama damu hiyo italainishwa kwanza kwa maji moto ya sabuni kisha sufu ikapitishwa katika dawa ya fomalini. Bunge likapitisha sheria mwaka 1919, na mwaka 1921 serikali ikafungua kituo cha kusafisha manyoya ya hatari kabla hayajafika mikononi mwa mchambuaji. Kilijengwa Liverpool.